Udongo Anaokula Reine

Likasi, mwezi wa kumi, 1995

Kwa yaya wangu Philomène, pale Kakanda,

Yaya, mukubwa wangu wa tumbo moja, nakuamkia kwa heshima zote, na nakuomba ukae kwanza kwenye kiti ndipo uendelee kusoma. Mugongo unasemaje? Na ule mguu unaovimba mvua zikikaribia? Shemeji naye, angali anakohoa na kukataa dawa kama mbuzi anayekataa kamba? Huku kwetu tunapumua. Mwadi, muke wangu, anakusalimu, watoto wanakusalimu, na hata jogoo angekusalimu kama hatungemukula Jumapili. Minye mwenyewe niko muzima, mrefu na mzuri kama ulivyoniacha. Nimekonda kidogo tu, lakini siku hizi Likasi muntu munene anaulizwa ameiba wapi.

Binti yako Reine bado yuko hapa kwangu tangu bwana yake Rolly aende kuchimba mawe na wenzake. Tumbo limeingia mwezi wa saba. Anatembea akishika kiuno kama mama mukubwa wa parokia, na anatutuma sisi wote. Tunatumika, kwa sababu weye unajua na minye najua jinsi ilivyokuwa na mutoto wake wa kwanza tuliyemuzika, na hakuna muntu katika nyumba hii anayetaka kuona siku kama ile mara ya pili. Ndiyo maana barua hii ni ndefu. Nivumilie.

Habari nyingine: mudogo wako amepata kazi. Usicheke. Shule niliacha mwaka wa tatu pale Mulungwishi, sawa, lakini barabara ilinimalizia masomo. Nimeendesha kamioni mpaka Ndola na Kapiri Mposhi, nimekula meza moja na Wagiriki, nimetukanwa kwa Kireno nikajibu kwa Kireno. Kwa hiyo maprofesa wa chuo kikuu walipofika hapa wakitafuta dereva anayejua njia zote za pori, watu walinyoosha kidole upande mumoja tu, upande wangu.

Wako wawili. Profesa Georges ni muhandisi, anafundisha mambo ya migodi, na anavaa tai hata porini. Madame Danielle anafundisha sayansi ya mazingira, maji na udongo na vinavyoishi ndani yake, na anavaa buti za mwanaume. Serikali iko na ardhi kubwa huku upande wa Buluo, imelala bure. Iliwaomba wachunguze kama watu waliofukuzwa kazini wanaweza kugawiwa mashamba pale, ama kama udongo una madini yatakayoingia ndani ya mahindi na ndani ya matumbo. Kazi nzuri, yaya. Ningekuwa Serikali, ningeitoa minye mwenyewe.

Lakini Serikali gani! Iliwapa barua yenye mihuri mingi, basi. Petroli tunanunua barabarani kwa machupa, nusu petroli, nusu maji ya mutu asiyejulikana. Gari haiwaki bila kusukumwa. Ungemuona Profesa Georges, tai begani, miwani puani, anasukuma Land Rover kwenye matope na minye niko ndani nimeshika usukani, ninamwambia kwa adabu aongeze nguvu. Wanaandika Kinshasa, Kinshasa inanyamaza. Wanapanga safari, mafuta hayapo. Na wakipeleka udongo kule chuoni, umeme umekatwa, na fundi wa laboratwari, mutu pekee aliyejua kuwasha mashine ya kupima, alikuwa Mukasai, alipandishwa treni pamoja na Wakasai wenzake wakati ule walipofukuzwa huku kwetu. Mashine imebaki imefunikwa na kitambaa kama maiti. Yaya, minye ni muntu wa kucheka, unanijua, lakini kuna siku nilitaka kuliuma lile gari.

Sasa sikiliza namna wanavyofanya kazi. Hawachukui udongo wa juu tu. Kila mahali wanatafuta kichuguu, wanakikata na jembe, wanajaza mifuko midogo ya kitambaa yenye namba. Niliuliza kwa nini. Madame akanieleza kwamba mchwa wanashuka chini sana kutafuta maji, na wanapopanda wanabeba udongo wa kule chini kujengea nyumba yao. Ukikipima kichuguu, umejua kilichozikwa chini bila kuchimba shimo. Nilimwambia hao mchwa wangepaswa kupewa kiti cha profesa, akacheka. Profesa Georges hakucheka.

Mifuko ile tulikuwa tunaianika kwenye uwanja wa lupango yangu, juu ya sima ya saruji, ikauke kabla ya kwenda. Na hapo ndipo mambo yaliharibika, kwa sababu hakuna aliyewaambia wanamuke wa lupango kitu chochote. Wao waliona tu Séraphin anashusha kwenye gari vichuguu vilivyovunjwa, vya pori, safi kabisa. Na yeye ana binti ya dada yake mwenye mimba ndani ya nyumba. Mutu mwenye akili abebe kichuguu kwa gari kwa sababu gani nyingine? Wakanisifu sokoni kwamba nimekuwa mjomba wa kweli. Na wale wenye mimba wakaanza kupita kwangu kusalimia. Kumbe salamu zao zilikuwa zinaingia mudomoni. Mumoja alimuuliza Mwadi kama ule wa mfuko wa pembeni hatuwezi kuupitisha kwenye moshi kidogo, maana hauna ladha.

Madame alipokuja kuchukua mifuko akaikuta imepungua, mingine iko nusu, mingine mitupu. Nilisingizia mbuzi. Nikasingizia watoto. Kisha Reine akatoka nyumbani kuamkia wageni, na midomo yake ilikuwa myeupe kama ya muntu aliyelamba unga. Profesa Georges akapiga kelele kwamba binti huyu amekula ardhi ya Jamhuri. Reine wako, yaya, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, akamwambia kwa upole: papa profesa, Jamhuri imekula vyetu vyote, na sisi tuionje yake kidogo. Lupango nzima ililala chini kwa kucheka. Minye nilimshika profesa mukono asianguke na tai yake.

Madame peke yake hakucheka. Alimukalisha Reine kwenye kigoda akamuuliza taratibu anakula kiasi gani, tangu lini, na kama kuna udongo mwingine. Reine akaingia ndani akatoka na kitambaa chako. Ndiyo, yaya, ule udongo unaomutumia na madereva wa kamioni, vile vidonge ulivyokanda na chumvi na kuvikausha kwenye moto. Akasema kwa kiburi kwamba hii ndiyo chakula chenyewe, hii inatoka kwa mama yangu kule Kakanda, anakata kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, na ile ya tonton Séraphin ni ya kudanganya njaa tu wakati ya mama imekwisha. Madame akaomba kidonge kimoja. Reine akampa, lakini alimuangalia kama anamupa jino lake.

Kuanzia siku ile sikulala vizuri. Minye niliyekuwa nacheka mifuko yao, sasa nilitaka kujua kila mufuko una nini. Nilimupeleka Madame chuoni na gari lile lile, tukisukuma. Umeme hakuna. Akaniambia iko njia ya zamani, ya kupika udongo ndani ya asidi na kutia matone ya dawa, ukiangalia kama rangi inageuka. Lakini asidi imebaki chupa ndogo tu, na inangojewa na udongo wa Buluo, ule ambao Serikali inataka majibu yake. Profesa Georges akasema asidi ni ya kazi, si ya matumbo ya watu. Yaya, minye sikupiga magoti vizuri hata mbele ya padri siku ya ndoa yangu. Pale kwenye sima ya chuo kikuu nilipiga. Madame akanivuta kwenye kola akaniambia nisimame, nisimuharibie suruali yake ya kazi na machozi. Kisha akamujibu mwenzake kwamba Serikali haijaleta hata kiberiti, asidi hii aliileta ndani ya mufuko wake kutoka safari, na kwamba kama hatujui udongo unafanya nini ndani ya muntu, tunapima mashamba ya nani?

Tulipika nje, kwenye mbabula, na makaa niliyonunua minye. Ndiyo, laboratwari ya chuo kikuu juu ya mbabula, kama mboga ya sombe. Profesa Georges alinuna kwanza, halafu akavua tai akaanza kupepea moto, na alipepea vizuri kuliko muke wangu. Madame akatia kwenye tyubu moja udongo wa mifuko ya Buluo ambayo Reine alikuwa amekula, na kwenye nyingine kidonge chako. Akatia matone. Tyubu ya Buluo ilibaki karibu kama maji. Nikaanza kucheza pale pale.

Kisha nikaona Madame haangalii tyubu ile.

Yaya, ni udongo wako. Nimezunguka karatasi hii yote kwa sababu mukono wangu ulikuwa unakataa kuandika maneno hayo. Tyubu ya kidonge chako iligeuka nyekundu mara moja, nyekundu kama soda ya grenadini. Ni risasi, akasema Madame, ile metali mbaya, na pengine zingine ambazo hana dawa ya kuzipima. Hapo nyuma ya nyumba yako mawe yenye madini yamelala chini, mchwa wanayapandisha, na weye unayakanda na chumvi kwa upendo wako wote. Hakuna aliyekosa. Lakini asimeze hata kidogo tena.

Najua sasa hivi unafikiria mutoto wa kwanza. Niliuliza hilo pia, kwa sababu nilijua utaniuliza. Madame akaniambia hakuna muntu duniani anayeweza kujua, na kwamba atakayekuambia anajua ni muongo. Huyu wa sasa anapiga mateke, nimeyaona minye mwenyewe kupitia kitenge. Miezi miwili na zaidi ya tumbo safi ni kitu kikubwa, ndivyo alivyosema.

Shida ni kwamba Reine hataki. Nilimueleza, akanicheka. Alisema mama yake alikula kichuguu akamuzaa yeye, na je, yeye ni mugonjwa? Nilimwambia weye ulikuwa Mulungwishi wakati ule, kichuguu kingine. Akasema maprofesa wanamuonea mama yake wivu. Anavificha ndani ya foronya, anatafuna katikati ya sala. Nikinyang'anya anavipata tena, kwa sababu kamioni ya juzi ilileta vingine. Mukono wa mjomba hautoshi hapa, wala buti za profesa. Huo ni udongo wa mama. Mama peke yake anaweza kuutoa mudomoni mwake. Na wanamuke wanaonunua vidonge hivyo kwako sokoni, waambie nao, hata wakikutukana.

Panda kamioni ya kwanza inayoshuka. Tutakupokea kwa chungu cha bukari ya mahindi na kelele. Shemeji umuachie dawa karibu na kitanda. Majirani wote wasalimie, na watoto wa kanisa. Najua hujawahi kuingia nyumba ya binti yako bila kubeba kitu, na kwamba kukiacha kutakuumiza kuliko maneno yangu yote. Lakini safari hii, yaya, nakuomba na moyo wangu: njoo mikono mitupu.

Mudogo wako anayekupenda,

Séraphin