Diski Uliyonichagulia

Kwako Kaka mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta buheri wa afya, wewe na wifi, na kwamba watoto wanakua vizuri huko. Sisi hatujambo. Baba anakula, anatembea mpaka uani na kurudi, anakulalamikia kama kawaida. Duka la kopi linakwenda, ingawa mashine kubwa bado inatafuna karatasi za watu.

Nimepata ujumbe wako. Unaomba nikutumie sauti ya Mama, yale maneno aliyokurekodia wewe peke yako wiki ile ya mwisho, alipokuwa akikupigia na wewe uko vikaoni. Unasema hupati usingizi, unataka tu kujua kama aliondoka na kinyongo nawe. Nimekuelewa, na nitakujibu. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hujawahi kuniacha nimalize sentensi.

Kwanza habari njema: ule ukuta wako wa kulinda kompyuta za duka umesimama. Wezi wa mtandaoni walipoingia kwenye kompyuta za duka wakafunga mafaili ya wateja, ulisema tuchukue ile kompyuta kuukuu ya chumbani kwa Mama, tuiwekee programu ya ulinzi, ikae mlangoni ikague kila kinachoingia. Wazo zuri, sikatai. Msomi wetu ni wewe.

Unakumbuka ilivyotutoa jasho. Nilichomeka flashi yenye hiyo programu, mashine ikawaka, maandishi yakateremka, kisha ikagoma ikisema imeshindwa kupachika diski. Ulinieleza kwamba maana yake haioni pale inapotakiwa kusoma, ukaniambia niiandae flashi upya. Nikaiandaa, ikagoma vilevile. Ukasema nina kichwa cha kuku. Simu ilikuwa kwenye spika, Kaka, na wateja wamepanga foleni. Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho aliona haya kwa niaba yangu. Kumbe shida ilikuwa tundu la mbele. Nilihamishia flashi tundu la nyuma kwa akili yangu mwenyewe, ikapita. Wewe ulisema tu tusipoteze muda.

Ndipo ikauliza programu iwekwe kwenye diski ipi. Ndani zilikuwamo mbili: ndogo tupu uliyotutumia, na kubwa ya zamani. Ikaonyesha kubwa tu. Nilikuambia ndogo haionekani, labda waya umelegea, acha nifungue mfuniko. Ukasema nisijifanye fundi. Nikakuambia hii kubwa ina vitu. Ukasema kompyuta za zamani zimejaa takataka, nichague hiyohiyo. Nikakuuliza kama una hakika, ukaniuliza kati yetu aliyesoma ni nani. Mashine ikaonya kwamba kila kilichomo kitafutika. Nilikusomea onyo lile neno kwa neno, ukasema nibonyeze, una kikao.

Nikabonyeza. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia.

Sasa ombi lako. Siku ya mazishi, ambayo nayo ulihudhuria kwa simu, nilikuambia kwamba simu ya Mama inazimika ovyo, na kwamba sauti yake nimeihamishia kwenye diski kubwa ya kompyuta yake. Ulijibu sawa, utaisikiliza ukipata nafasi. Simu yenyewe ilikufa, Baba akaitupa. Sauti ilikuwa pale tu. Haipo tena.

Usijipe moyo kwamba nilipitiwa. Nilikumbuka vizuri, kidole kikiwa juu ya kitufe. Ningetamka neno moja tu, Mama, ungenyamaza na kuniambia niache. Sikulitamka. Nimemgeuza Mama kitandani mwaka mzima kwa maelekezo yako ya simuni, ukinikosoa hata namna ya kutandika shuka ambazo huzioni. Alikuwa akiniuliza kila asubuhi kama umesema unakuja lini, na mimi ndiye niliyekuwa natunga uongo. Nilikuchukia, Kaka. Nilitaka kwa mara moja agizo lako likurudie wewe mwenyewe, na liliporudi nilifurahi. Nilimhudumia mteja aliyefuata nikiwa natabasamu.

Jambo la mwisho. Niliisikiliza ile sauti kabla haijafutika. Si ndefu. Anakuita kwa jina lako la utotoni, anakohoa, anaomba maji, mimi nasikika nikimpa. Kisha anakuambia waziwazi kama amekusamehe au hajakusamehe. Nakumbuka kila neno. Sitakuambia. Usijisumbue kupiga simu, wala usimtume wifi anibembeleze. Na ukija mwenyewe, utakaribishwa, utapewa chakula na kitanda cha Mama, na bado sitakuambia.

Baba anakusalimu sana. Hajui lolote kuhusu haya, na kwa presha yake nakuomba usimwambie. Msalimie wifi, na watoto wabusu kwa ajili ya shangazi yao.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba