Mawe Niliyoyang'oa

Corrabeg,
Kaunti ya Leitrim,
11 Mei, 1986.

Mpendwa Shangazi Attracta,

Pokea salamu nyingi za huku nyumbani. Magoti yako yanasemaje baada ya baridi ya Boston? Sisi tu wazima, ila mikono yangu imechubuka kwa kazi, kwa hiyo utanisamehe mwandiko.

Ulinituma nimtafute pacha wako wa kiume, upate kuliona kaburi lake ukija Agosti. Nilikwenda kwa padri, akanifungulia daftari la ubatizo la 1919. Jina lako lipo. Lake halipo, wala katika daftari la maziko halipo. Nikadhani aliyeandika alikuwa mvivu tu.

Mke wangu Noreen ndiye aliyenisukuma kwa jirani yetu, mzee Packie Gilrane, ambaye kumbukumbu zake ni kali kuliko ulimi wake, na ulimi wake unaujua. Akaniambia mtoto alikata roho kabla padri hajafika. Enzi zile asiyebatizwa hakuruhusiwa kuzikwa katika makaburi ya kanisa. Basi babu akamtia katika kisanduku cha mbao, akamzika kwenye pembe ya shamba letu la juu, walikolazwa watoto wengine kama yeye, kila mmoja na jiwe lake tupu lisilo na jina.

Shangazi, sikia. Mawe yale niliyang'oa mwenyewe mwaka jana. Nilileta tingatinga, nikaisawazisha pembe ile nipande nyasi, na mawe nikayajengea ukuta wa zizi. Tena nilijisifu kwa majirani.

Nikamuuliza Packie kwa nini hakunizuia.

"Nilidhani unajua, Malachy. Babu yako alilima akiizunguka pembe ile miaka arobaini. Mtu na akili zake angejiuliza kwa nini."

Marehemu baba hakuwahi kunitajia jambo hili. Huenda naye hakuambiwa. Nina aibu, na nina hasira pia na midomo ya ukoo wetu iliyofungwa.

Nimeubomoa ukuta. Mawe kumi na saba tumeyarudisha kwa mikono, mimi na Noreen, siku mbili mvua ikitunyeshea. Lakini lipi lilikuwa wapi, hata Packie hajui.

Nisalimie Rosaleen na Kieran, wanao. Noreen anakukumbatia. Mungu akutunze, akupe na moyo wa kunisamehe. Safari yako usiivunje, nakusihi. Kaka yako yumo humo shambani. Nilichokupotezea ni mahali pake alipolala.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye kwa machozi,
Malachy