Sahihi ya Nagpur

Mumbai, 6 Juni 1996

Baba mpendwa,

Nakugusa miguu kwa heshima kutoka huku mbali. Kifua chako kimetulia, au mvua za kwanza zimekichokoza tena? Mimi mzima, ila chakula hakishuki kwa furaha.

Baba, nimepita! Nimechukuliwa kusomea usanifu majengo hapa Mumbai, na Nagpur pia wamenikubali. Lakini mimi nataka hapa. Ngoja nikwambie kwa nini. Kwenye mtihani tuliambiwa tuchore nyumba ya mtu asiyeona. Wenzangu walichora kuta na madirisha mazuri. Mimi nilimkumbuka Bibi alivyotembea bila macho, nikachora sakafu tu: hapa jiwe, hapa mbao, hapa udongo laini, ili miguu yenyewe ijue imefika jikoni. Mwalimu mmoja mzee aliishika karatasi yangu, akamwita mwenzake, "Njoo uone, huyu kasahau kuta!" Kisha akanigeukia, "Umejifunza wapi, binti?" Nikasema, nyumbani. "Basi njoo tukuharibu kidogo." Wakacheka wote, na mimi nikacheka.

Hosteli ya wasichana imejaa. Mama yake rafiki yangu Charulata anasema nitalala kwao, kwenye roshani waliyoizungushia vioo. Chuo kinataka sahihi ya mzazi kabla mwezi haujaisha. Niambie ndiyo, Baba.

Bintiyo,
Vasu

Chiplun, 12 Juni 1996

Vasu wangu,

Baraka tele juu ya kichwa chako. Kifua hakijambo. Nimegawa peremende za maziwa shule nzima. Walimu wananiita "Baba Msanifu", nami naitika.

Sasa sikiliza. Mumbai, hapana. Binti yangu alale roshani ya watu kama nguo zilizoanikwa? Nagpur yuko dada yangu Pramila, na chuo kiko mtaa wa pili kutoka kwake. Utakula chakula cha ndugu zako na kulala nyuma ya mlango unaofungwa. Shahada ni ile ile, mwanangu. Hakuna atakayeuliza ukuta ulichorwa mji gani. Tangu mama yako atutoke nimekuwa baba na mama, na mama angesema hivyo hivyo.

Sahihi nimekwisha kuitia, ya Nagpur. Usininunie.

Baba yako

Nagpur, 21 Septemba 1996

Baba mpendwa,

Nakugusa miguu. Hii ndiyo sikukuu ya kwanza ya Ganpati nisiyokuwa nyumbani. Nani amekusaidia kuipokea sanamu ya mungu mlangoni? Kifua je?

Shangazi alikuandikia kwamba mumewe, Dinkarrao, alipata kiharusi mwezi uliopita. Upande wa kulia umekufa, na maneno hayatoki. Shangazi hashindi nyumbani, yuko kazini posta. Yule mama aliyekuja kumtunza alikimbia, maana mgonjwa anarusha sahani. Asubuhi jirani hukaa naye. Mchana ni mimi.

Silalamiki, Baba. Juzi nilimlisha akalia, nikalia naye. Lakini asubuhi chuoni tunasikiliza tu. Mchana ndipo watu wanachora, wanachana, wanachekana, wanachora tena. Chumba cha kuchorea ndicho chuo chenyewe. Mimi najua majina ya walimu tu.

Ungemwandikia Shangazi atafute mtu mwingine?

Bintiyo,
Vasu

Chiplun, 3 Oktoba 1996

Vasu wangu,

Baraka nyingi. Barua yako nimeisoma mara kadhaa. Mgonjwa hakuomba kuugua, na nyumba ya dada yangu ni nyumba yako. Nitamwambiaje kwamba binti yangu hawezi kukaa na mumewe saa chache? Chorea hapo nyumbani, meza ipo. Mvumilivu hula mbivu.

Baba yako

Nagpur, 28 Februari 1997

Baba,

Nakugusa miguu. Natumai baridi ilikupitia mbali.

Jana tulionyesha kazi za mwaka mbele ya walimu. Wenzangu walileta nyumba ndogo za mbao na karatasi ngumu. Mimi nilileta michoro niliyofanyia pembeni ya kitanda cha mgonjwa. Mwalimu aliitazama, akasema, "Usanifu hausomwi kwa posta, binti." Darasa likacheka. Hawakujua Shangazi yangu anafanya kazi posta.

Baadaye nilimfuata ofisini nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri. "Pole sana," akasema. "Kila mwaka huwa kuna msichana mmoja mwenye mgonjwa nyumbani." Mahudhurio yangu hayatoshi, hawataniruhusu kufanya mtihani. Nirudie mwaka.

Hatukuchagua chuo, Baba. Tulichagua nyumba ya kulala, na jirani yake kukawa na chuo.

Mumbai wana mtihani mwingine mwezi wa tano. Naomba sahihi yako tu. Roshani bado ipo.

Vasu

Chiplun, 4 Aprili 1997

Mwanangu,

Baraka. Shangazi yako alinipigia simu shuleni, analia mbele ya watu wa posta. "Kaka, ukimchukua huyu mtoto, mimi naacha kazi. Na nikiacha kazi tunakula nini?" Ningemjibu nini, Vasu? Subiri kidogo. Umri wako bado mbichi, mwaka mmoja si kitu.

Baba yako

Chiplun, 19 Julai 1997

Vasu wangu,

Hii ni barua yangu ya tatu tangu Dinkarrao afariki, na hujajibu hata moja. Unakula? Shangazi yako anasema chuo kimefunguliwa na wewe hujaenda kujiandikisha. Anasema nyumba ni tupu, muda unao wote, na wewe unakaa tu.

Wiki iliyopita nilipanda basi nikaenda Mumbai. Nilikaa kwenye ngazi za kile chuo. Wasichana wametandaza karatasi chini, vidole vyeusi kwa wino, wanagombana kuhusu dari. Mmoja akaniambia, "Babu, inua mguu, umekanyaga paa langu." Nilicheka. Kisha nikalia, wakanisogezea maji.

Mtihani ulishapita. Wamesema mwakani. Fomu ni hii hapa, nimeitia sahihi. Lala roshani, lala popote. Nenda tu, mwanangu.

Baba

Nagpur, 11 Agosti 1997

Baba,

Nakugusa miguu. Nakula. Shangazi hajambo, ananisuka nywele kila asubuhi.

Fomu imefika. Usijilaumu, na usipande basi tena, vumbi la njiani litakumaliza kifua. Jumatatu naanza kazi posta, meza ya kupanga barua. Shangazi ameniombea nafasi.

Nimejaribu, Baba. Nilitandika karatasi mezani, nikachonga penseli, nikakaa. Kidogo tu nikasimama kwenda kuona nani ameita. Hakuna aliyeita. Nikarudi, nikakaa, nikasimama tena. Imekuwa hivyo kila siku tangu majivu ya mgonjwa yamwagwe mtoni. Nikirudi mezani sikumbuki nilitaka kuchora nini.

Bintiyo,
Vasudha