Kifuniko cha Rejeta

Jumatatu, 4 Machi
Kipindi changu cha redio kimekwenda vizuri! Leo zamu ya rejeta. Nimeeleza: maji yanazunguka ndani ya injini, yanabeba joto, yanakuja mbele kwenye rejeta, feni inayapoza. Na kifuniko chake si cha kuzuia vumbi — kinabana mvuke ili maji yasichemke mapema. Mshale wa joto ukipanda, simama pembeni, fungua boneti. Hapo mtangazaji mwenzangu akanionyesha saa. Nilibakiwa na nafasi ya sentensi moja. Nikachagua utani: gari likianza kufoka, lifanyie kama mume, lipe maji. Studio nzima ikacheka.

Baba mkwe kapiga simu kunipongeza, kama kawaida yake. Fundi cherehani mstaafu, gari lake la kwanza amelipata uzeeni. Ati klachi na breki amezijulia kwangu.

Jumatano, 6 Machi
Baba mkwe ameungua. Mkono wa kulia na kidevu. Alikuwa anampeleka wifi yangu kazini, mshale ukapanda mlimani. Akasimama, akafungua kifuniko injini bado inatokota, chupa ya maji mkononi. Maji ya moto yakamrukia.

Mume wangu ametoka mbio na malapa miguuni kwenda hospitali. Mimi nimesema nina kipindi cha kurekodi.

Sina kipindi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimesikiliza rekodi. Ile sentensi, usifungue kifuniko kabla injini haijapoa — haipo. Niliiandika, sikuisema. Kilichopo ni kicheko, na changu ndicho kikubwa kuliko vyote.

Wale wanaouliza mwanamke anajua nini kuhusu injini — nilitaka wanipende. Basi.

Mume kauliza mbona sijaenda kumwona baba yake. Nikasema kichwa kinaniuma. Kaniletea dawa na maji. Nimeimeza!

Ijumaa, 8 Machi
Nimekwenda. Mkono umefungwa bendeji mpaka kiwiko. Mkono wa mkasi.

Amefurahi kuniona, natamani asingefurahi. Akawaambia wagonjwa wenzake huyu ndiye yule wa redioni, mkwe wangu. Halafu akaniomba radhi. Yeye aniombe mimi! Ati amenivunjia heshima, watu watasema mkwe anafundisha dunia nzima, mzee wa nyumbani hasikii.

"Ulisema tungoje ipoe kwanza, sivyo, mwanangu? Masikio yangu haya."

Mume wangu anatabasamu, anangoja niseme ndiyo. Wifi alikuwa anamenya chungwa, akaacha. Yeye Jumatatu alisikiliza na baba yake, redio moja.

Nikasema ngoja nimwite muuguzi. Hakuna aliyemhitaji muuguzi.

Naandika hapa kwenye ngazi za hospitali, watu wananipita. Nikisema ndiyo, atajilaumu mpaka kaburini. Nikisema hapana — mbele ya wote wale?

Wifi ameshuka. Hajafoka. Amekaa ngazi ya juu yangu, ananuka chungwa. Anasema baba bado anangoja jibu, na kwamba yeye hatanisemea, wala hatanifichia. Nafunga daftari, napanda wodini.