Magoti Yangu Yako Marekani

Jumatatu, 7 Oktoba

Magoti yameniamsha kabla ya simu. Nimeyatukana, kisha tukaenda sokoni wote watatu.

Leo nashukuru. Miaka miwili iliyopita nisingeweza kuliandika neno hilo, wala jina langu. Darasa la wazee, Mungu alibariki.

Mama Dongsik anayeuza mwani meza ya pili kanipa zamu yake ya upatu. Zamu yake nzima! Alikuwa azibe paa linalovuja. Kaitupa bahasha juu ya dagaa wangu: “Katengenezwe hayo magoti, Mama Gilsu. Ukianguka hapa mimi sikubebi, mzito we.” Mdomo ule, na moyo ule!

Hospitali wanataka malipo Ijumaa ya wiki ijayo. Sasa pesa ilale bure siku zote hizo? Hisa za hapa Korea zilishaninunulia sufuria ya umeme ya wali. Nusu nimeiweka kwenye kampuni ya Marekani, wanatengeneza vile vidude vya ndani ya kompyuta. Mjukuu wangu Haewon anaishi huko. Alipokuja likizo aliniwekea kwenye simu soko lao la hisa. Nimebonyeza.

Jumanne, 8 Oktoba

Nyekundu! Nyekundu tupu, kama pilipili zilizoanikwa! Namba ni ndogo, sizioni, lakini rangi naiona. Na nyekundu ni kupanda, hata mtoto anajua.

Nimenunua keki za mchele, zinatoka mvuke, nikagawa meza zote. Mama Dongsik: “Vipi, umepata mume?” Nikamwambia hii bora kuliko mume, nikilala inafanya kazi. Sikusema ni nini. Kacheka mpaka kakohoa.

Jumatano, 9 Oktoba

Sikukuu ya herufi zetu. Mfalme uliyezitunga, asante, lala salama.

Nyekundu zaidi ya jana! Nimetia nusu iliyobaki.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kijani.

Yote kijani! Kwetu ikishuka ni bluu. Hawa hata kuporomoka wana rangi yao. Nimekaa sakafuni, na mimi kukaa sakafuni si jambo dogo. Akilini nimeona paa la Mama Dongsik, ndoo chini yake, maji yanadondoka.

Nimeagiza nusu iuzwe. Iende, iende.

Sokoni Mama Dongsik kaniuliza mbona uso wangu hauna rangi. Nimesema tumbo. Kaniletea supu ya mwani, kasimama hapo mpaka nimemaliza. Kila kijiko kilinichoma.

Ijumaa, 11 Oktoba

Haewon kapiga. Nimemlilia.

“Bibi, subiri. Umeuza ilipokuwa kijani?”

“Ndiyo! Ilikuwa inazama!”

“Bibi! Huku kijani ni kupanda. Nyekundu ndiyo kushuka!”

Sikuelewa. Kanieleza tena polepole, kama mwalimu. Kwa hiyo Jumanne niligawa keki kwa hasara! Jumatano nikanunua wakati kila mtu anakimbia. Jana nikaikimbia faida. Kote kinyume, na pesa imeongezeka! Haewon kacheka, kisha kaacha. “Umeponea tundu la sindano, Bibi. Jumatatu uza zote zilizobaki. Pesa inachukua siku kadhaa kufika.”

Nimepiga goti kushukuru. Limeuma, nikashukuru nimesimama.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kijani, kijani! Sasa naijua. Kwa nini niuze kitu kinachopanda? Siku moja tu nyingine — magoti yangepata, na paa lingepata.

Nikaona nimwambie Mama Dongsik, anifurahie. Nimemwambia yote. Kanipiga na fungu zima la mwani, mbele ya wateja.

“Mimi nakupa miguu, wewe unaipeleka kucheza kamari?”

“Lakini inapanda, Mama Dongsik. Paa lako…”

“Paa langu nimelala chini yake miaka thelathini! Nilikuomba paa?” Halafu kalia. Sijawahi kumwona akilia, hata alipozika mume. “Nataka kwenda na wewe mlimani kuchuma mboga za majani masika yajayo. Basi. Nani mwingine atanivumilia?”

Nimeinama na magoti haya kumwokotea mwani wake. Mimi!

Kanifuata nyumbani. Kidole kilikuwa changu, mkono uliokisukuma wake. Agizo la kuuza limekwenda, Marekani wakiamka hisa zitauzwa. Kabla hawajaamka bado naweza kulifuta. Yeye analijua hilo. Ndiyo maana kaweka simu chini ya mto, kaukalia mto, anamenya vitunguu saumu vyangu na kulaumu kisu changu.

Nimewasha joto la chini ya sakafu. Nje mvua imeanza. Kwake inavuja sasa hivi, na yuko hapa.

Simu imetetemeka chini yake: Marekani wameamka, zimeuzwa. Nimeona alivyoshtuka.

“Mama Gilsu,” kasema, hajainuka, “leta vitunguu vingine.”