Injini Yetu Inanukia Asali

Mandewa, Singida

Mtani wangu Athumani,

Kwanza nikuombe radhi, halafu nikugombeze. Naanza na radhi kwa sababu nikianza kukugombeza sitamaliza leo.

Siku tuliyokuzika nilikuaibisha. Issuna nzima ilikuwa inanitazama mimi, Mnyiramba peke yangu katikati ya Wanyaturu, wakingoja nifanye kazi ya mtani. Niingie kaburini kabla yako, nijinyooshe, niseme pananitosha mimi, wewe mvivu ukatafute pengine. Nikutukane mpaka wafiwa wacheke. Njia nzima kutoka mjini nilikuwa nayapanga maneno. Nilipoona jeneza linaletwa, yote yakaniishia. Nililia, Athumani. Nililia kwa sauti, kamasi na kila kitu, mpaka mjomba wako akanivuta shati akaniambia, "Mtani gani huyu analia kweli?" Miaka tisa tumetukanana kila asubuhi kwenye gereji moja, halafu siku ya kukutukana kwa haki ndiyo nikakosa hata tusi moja. Nisamehe sana.

Haya, sasa nakugombeza. Hivi ni nani alikuambia injini inazibwa kwa nta?

Najua utasema tulikuwa wawili. Sikatai. Lakini wazo lilikuwa lako, na ulilitoa kwa majivuno. Unakumbuka? Tulikuwa tumetoka Sekenke na ile injini kuukuu, tuliyoing'oa kwenye gari la saluni, lile refu la abiria, lililopinduka mlimani. Ndugu kabisa na injini ya gari letu, kiwanda kimoja, ila hii ilikuwa nzima na yetu ilikuwa imepasuka tangu yule mzungu wa madini akuachie gari alipofungasha kurudi kwao baada ya Uhuru. Gereji yetu haina uzio, kwa hiyo tukaipeleka Issuna kwa mama yako ikae kwenye kasha lake la mbao mpaka gesketi zifike. Ukasema, "Vumbi la huku halimwachi mtu, Elia. Tuzibe matundu." Ukaingia ndani, ukatoka na bonge la nta ya mama, ukaziba tundu la plagi, tundu la moshi, tundu la hewa, na lile tundu kubwa la ubavuni inapokaa pampu ya petroli. Mimi nikasifu! Mimi, mtu mzima, nikasema, "Mnyaturu leo umetumia akili."

Hakuna aliyekumbuka, si wewe uliyezaliwa kwenye nyumba ya mizinga, wala mimi niliyelambishwa asali kabla ya uji, kwamba mtu akitaka nyuki wahamie kwenye mzinga mpya, anaupaka nta.

Tuliporudi baada ya mavuno, injini ilikuwa inanguruma bila petroli. Jua lilikuwa limeyeyusha nta ya ubavuni, nyuki wakapata mlango, wakajaa tumboni mwa injini. Uliketi chini ukacheka mpaka ukashika mbavu. Nikataka kuwamwagia maji ya moto, mama yako akanitolea macho: "Wageni wamekuja wenyewe nyumbani kwangu, wewe unataka kuwaunguza?" Tukangoja mpaka akawatoa kwa moshi, taratibu, kwa mikono yake. Bakuli zima la asali kutoka kwenye injini! Ulimlambisha mama kwa kidole chako ukamwambia, "Mama, wa kwanza kupanda gari hili ni wewe. Nitakuchukua hapa hapa mlangoni, ukae mbele kama bibi harusi."

Tukairudisha injini gereji, kasha tukaliacha kwa mama. Wiki mbili baadaye homa ikakulaza. Siku ya tano tukakuzika nyuma ya zizi la mama yako.

Nilitaka kuliacha lile gari, sikufichi. Kila nikilitazama nilikuona umechuchumaa pembeni yake na kitambaa chako cha kufutia. Siku ile mjumbe alipokuja kusema gari la viti viwili ni la kibwanyenye, ukamjibu, "Mbona huu ndio ujamaa wenyewe? Kiti kimoja changu, kimoja cha yeyote anayekwenda njia yangu." Alicheka yule bwana mpaka akasahau kilichomleta. Sasa nani angejibu vile? Mimi nimejaliwa hasira tu.

Halafu likaja agizo la kuhamia kijijini. Nyumba zote zilizotawanyika huko maporini zisogee barabarani, kwenye kijiji cha ujamaa, wapate shule na zahanati na bomba la maji. Sina ugomvi na bomba la maji. Wengi walihama, wengine kwa hiari, wengine wakinung'unika. Mama yako alikataa. Lori lilikuja mara mbili, mara mbili aliweka kigoda karibu na kaburi lako akakaa. Aliwaambia mgambo, "Lori ni la mizigo. Mwanangu alisema nitatoka hapa kwa gari lake." Wakadhani ni maneno ya uchungu. Mwenyekiti, ambaye ni mtu mwema, akampa mpaka Jumamosi. Baada ya hapo wangebomoa tembe lake, ile nyumba ya paa la udongo, na kumpakia, atake asitake.

Nilipoletewa habari hizo nikavua shati. Athumani, mama yako kubebwa juu kwa juu na vijana wa mgambo, miguu inaning'inia, kaburi lako linatazama! Hapana. Nikasema gari hili litatembea.

Na lilinitesa, haki ya Mungu. Injini ya saluni ni ndefu, gari letu ni fupi, kwa hiyo mikono ya kuishikilia haikukutana. Nilifua mingine kwa chuma cha plau. Boneti ikagoma kufunga. Nikaikata tundu, kabureta ikachungulia nje. Ungekuwepo ungesema gari limeota kitovu. Niliosha ndani kwa petroli, nikakwangua nta kwa waya kila mahali nilipofika. Jumatatu mchana nikaiwasha. Ikashika mara ya pili! Niligeuka kukuangalia. Hivyo tu, kwa mazoea, niligeuka nikupige bega, na hapakuwa na mtu.

Nilipogeuka tena nikaona mshale wa oili umelala kwenye sifuri. Nikazima mbio mbio. Nikafungua tena kila kitu, na humo ndani, kwenye vile vijinjia vyembamba vinavyopeleka oili kwenye beringi, nikakuta nta yako imekaa kimya, ngumu, waya haupiti. Nilikutukana siku hiyo, mtani. Matusi yote niliyokosa kaburini nilikutukana hapa gereji, Mandewa, mpaka mwenye hoteli ya jirani akatoka nje.

Jumanne nikapanda lori la vitunguu mpaka Issuna. Nilikwenda kushindwa. Nilikwenda kumpigia mama magoti akubali lori. Nilimkuta pale pale karibu na kaburi lako. Nikamwambia, "Shikamoo mama," akaitikia bila kuinua uso. Nikamweleza yote. Alisikiliza, halafu akauliza, "Umeitoa na nini hiyo nta?" Nikasema petroli na waya. Lo! Alinitazama kama mtu aliyeniona nakula nyasi. "Nta unaikwangua? Wanyiramba nyie kwenu mnakamuaje asali? Chemsha! Weka kwenye maji, washa moto, yenyewe itapanda juu." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akitabasamu tangu uondoke. Nikameza maneno yangu ya kushindwa, nikarudi mjini na lori lile lile.

Nikatafuta pipa. Nikaitumbukiza injini yote, chuma kitupu, na ule mhimili wa ndani, nikawasha kuni, nikachochea siku nzima kama mwenye kupika pilau ya harusi. Watu wa Mandewa walipanga mstari kuangalia fundi anayechemsha injini. Waache. Jioni maji yalikuwa na utando wa njano juu, unanukia mpaka barabarani. Nikauchota wote, nikaufinyanga ukawa bonge, nikaufunga kwenye kitambaa chako. Alhamisi na Ijumaa nikafunga injini upya, kila boliti. Ijumaa alasiri nikawasha. Mshale ukasitasita, ukapanda. Ukapanda mpaka katikati, ukatulia hapo. Nikakaa chini, nikalia tena. Naona siku hizi ndiyo kazi yangu.

Jumamosi nilitoka mjini jua likichomoza. Halikimbii sana, nikwambie kweli. Lina mtetemo kwenye gia ya tatu ambao wewe ungeusikia na ungeujua, mimi bado. Boneti nimeifunga kwa kamba ya katani. Pale Ikungi watu waliacha kupima mtama kunishangaa. Injini ilipopata moto, nta kidogo iliyobaki huko kwenye pembe ikaanza kunukia, na mimi nikaendesha njia nzima ndani ya harufu ya asali.

Nilifika lori liko mlangoni. Mgambo mmoja alikuwa amekwisha panda juu ya tembe na jembe mkononi. Mama yako yuko kwenye kigoda, amevaa kanga mpya, sanduku miguuni. Mpya, Athumani! Alikuwa amejiandaa kwa safari, na hakuna aliyejua ni ipi.

Aliinuka. Akalizunguka gari lote polepole. Akainama kwenye tundu la boneti, akanusa. Mgambo naye juu kule akaegemea jembe lake kutazama. Halafu akaniambia, "Sikukataa kuhama, mwanangu. Nilikataa kubebwa. Niondoke hapa nikiwa mama wa mtu."

Nikamfungulia mlango. Akaingia, akaweka sanduku mapajani, kuku wake juu ya sanduku. Nikashika ufunguo, akanizuia mkono. "Mtani, hujamuaga mwenzako."

Nikashuka. Mbele ya mgambo, mwenyekiti, dereva wa lori na kuku, nikasimama juu ya kichwa chako nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Athumani! Lala tu, mvivu mkubwa wewe! Gari lako nimechukua, mama yako nimechukua, Mnyiramba anaondoka navyo vyote mchana kweupe! Kama wewe ni mwanamume, amka utukimbize!"

Yule wa juu ya tembe alicheka kwanza. Halafu mwenyekiti. Halafu nikamsikia mama yako, nyuma yangu, anacheka mpaka anakohoa, kuku anapiga kelele. Nilikungoja kidogo, mtani. Nilikupa nafasi ya kujibu.

Tukaondoka. Aliketi kichwa juu mpaka kijijini, na tulipopita watu aliwapungia mkono dirishani kama mke wa waziri. Sasa ana nyumba barabarani, bomba liko hatua kumi. Analalamika kwamba maji yake hayana ladha, kwa hiyo ujue ni mzima.

Nikuage, petroli yenyewe ya kutafuta na nina kazi. Siku ile, kabla hatujaondoka, mama aliniomba lile bonge la nta. Tulichukua kasha lililobeba injini, tukalipaka nta ndani kote, tukaliacha chini ya mgunga ulio karibu nawe, tundu dogo tulilolitoboa limeelekea kichwani kwako. Sikumuuliza kwa nini. Nilijua.

Ijumaa iliyopita nilimpeleka akusomee dua. Amekaa kwenye kiti chake, kile cha anayekwenda njia yako. Tulipozima injini, ngurumo haikukatika. Nikadhani nimesahau ufunguo. Mama akanishika mkono, akanionyesha kasha.

Wamehamia, Athumani. Wamejaa. Nakuahidi kila mavuno nitamleta mama kwa gari lako awatoe kwa moshi, na asali ya kwanza tutailamba hapo hapo, mbele yako, bila kukubakishia. Kaa na majirani zako vizuri.

Mtani wako asiyekuwa na adabu,
Elia