Mama Yako Mdogo Kwenye Taa Nyekundu

Hayes, London
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mpendwa mwanangu Placida,

Pokea salamu za baba yako mdogo, zimejaa mpaka zinamwagika. Hujambo huko Ohio? Mgongo uliokuwa unakusumbua kwa kuinua wagonjwa umetulia? Kanisani bado mnaimba zile zamu mbili, au sasa mnapumua? Sisi huku ni wazima. Magoti yangu hunisema kidogo asubuhi, lakini nikishapanda folklifti, ile mashine ya kuinua mizigo, pale ghalani yananyamaza, maana yanajua bosi ni nani. Nilishakwambia kwamba pale uwanjani ndege hairuki mpaka mimi nimalize na mizigo yake. Usicheke. Siku niliyolala na mafua, ndege ya Toronto ilichelewa, na watu wakaulizana Ulimboka yuko wapi.

Nimeamua kushika kalamu kwa sababu zile sauti ninazokutumia kwenye simu husikilizi mpaka mwisho. Mama yako mdogo ameniambia. Anasema wewe na mdogo wako Godlisten mnabonyeza mahali fulani ninaanza kuongea mbiombio kama kasuku. Karatasi haina pa kubonyeza, kwa hiyo leo utanisoma kwa mwendo wangu.

Jambo lenyewe ni ile testi ya udereva ya mama yako mdogo. Najua tangu afeli mara ya kwanza huna raha. Ulimpigia simu ukilia, ukasema wewe ndiye uliyemwangusha, na alipokaa siku kadhaa bila kukujibu ukaamini amenuna. Hakununa. Alikuwa na mawazo, na mawazo yenyewe hayakuwa juu yako.

Unamjua bibi Lorraine, yule mzee anayetunzwa na mama yako mdogo Beatha hapa Hayes. Umewahi kumwona kwenye picha, amevaa kofia ya zambarau. Beatha amemuogesha, amempikia na kumchana nywele kwa miaka mingi, na yule bibi hataki mkono mwingine umguse. Wakileta mtu wa zamu anafumba mdomo, hata chai hanywi. Sasa binti yake akaamua kumhamishia kwake, kijijini nje ya mji, ambako Jumapili basi halifiki kabisa. Tejal, msimamizi wa kazi pale ajensi inayomwajiri, akamwambia Beatha bila kumficha: "Ukipata leseni kabla bibi hajahama, utabaki naye. Usipopata nitampa mwenye gari." Kwa hiyo mwenzangu hakuwa anatafuta leseni ya kutembelea madukani. Alikuwa anamtafuta Lorraine.

Na sisi wenye upendo tukamjaza maneno. Wewe ulimwelekeza vizuri kabisa kwa sheria ya kwenu: taa ikiwa nyekundu unasimama kabisa, unaangalia, pakiwa peupe unakata kulia unaondoka. Halafu ukapiga hesabu kwamba huku tunaendesha kushoto, basi yeye akate kushoto. Hesabu hiyo ni safi, mwanangu. Hata mimi niliisifu, na unajua mimi darasa langu la saba ni la kweli, si la siku hizi. Tatizo ni kwamba Waingereza hawakuipiga. Huku nyekundu ni kusimama, hata barabara iwe tupu kama uwanja wa shule wakati wa likizo.

Mimi nami nilimpa ya kwangu. Nilimwambia taa si kitu, tazama mkono wa mtu. Wewe uliondoka mdogo, huenda hukusahau yote ila hili umelisahau: pale Dar, taa zinaweza kuruhusu na trafiki akakuzuia, au taa zikazuia na trafiki akakuita, na mwenye kauli ni trafiki. Mimi pale Ubungo nilikuwa naitwa kwa jina. Nikiibuka na lori langu la Tunduma, trafiki anasimamisha pande zote, anavua kofia, anasema, "Mwacheni Ulimboka apite, huyu kateremka mlima Kitonga na mguu mmoja." Na ni kweli, ule mwingine ulikuwa kwenye plasta.

Basi testi ya kwanza akaenda na Ohio kichwani. Akasimama penye nyekundu, akaangalia, akakata kushoto taratibu, kwa adabu zote. Hakugusa mtu. Mtahini akaandika, akamwambia arudi kituoni. Hiyo unaijua. Usiyoijua ni ya pili.

Ya pili nilikuwamo ndani ya gari. Huku mwanafunzi anaruhusiwa kuingia na mtu wake akakaa nyuma. Jaffar, mwalimu wake wa kule Hounslow, alitaka kukaa yeye, lakini nikamwambia huyu mama anahitaji kuona uso wa nyumbani kwenye kioo. Beatha akasema, "Baba Godi, ukikohoa tu nakushusha." Jaffar akacheka, akanipa kiti. Yeye akabaki na gazeti lake.

Tulikwenda vizuri mpaka njia panda moja iliyo karibu na majengo mapya. Mtahini akamwambia akate kushoto. Taa ikawaka nyekundu, Beatha akasimama kwenye mstari, indiketa inalia. Kushoto kweupe kabisa. Nyuma yetu gari likapiga honi. Na hapo pembeni, penye ujenzi, amesimama mwanamume mrefu amevaa kizibao cha njano kinachong'aa, anapunga mkono kwa nguvu: njoo, njoo, njoo.

Placida, nilishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Miaka yote niliyokaa nchi hii ilinitoka, nikajiona Ubungo. Trafiki anatuita. Mguu wangu ukakanyaga sakafu ya gari kutafuta mafuta. Nikamtazama Beatha kwenye kioo, hatikisiki. Nikasema moyoni, anafeli tena, na safari hii anafeli kwa kumdharau askari. Honi ikapigwa tena. Nikakohoa.

Alinitazama kwenye kioo kwa jicho moja tu. Mimi nimewahi kutazamwa na simba pale Mikumi, nikamwambia ondoka barabarani, akaondoka. Lile jicho la Beatha lilikuwa zito kuliko simba. Nikafunga mdomo na pua.

Halafu ikatokea taa ambayo kwenu sijui kama mnayo. Nyekundu ikabaki nyekundu, lakini pembeni yake ukawaka mshale wa kijani, unaelekea kushoto. Hapo nyekundu inasema simama na mshale unasema wewe wa kushoto nenda, zote mbili kwa wakati mmoja. Beatha hakushtuka. Akaangalia vioo, akaangalia pembeni, akamwacha mwenye baiskeli apite, akakata. Tulipopita pale kwenye ujenzi ndipo nikaona nyuma ya yule mtu mrefu kuna lori kubwa la mchanga linarudi kinyumenyume. Alikuwa analiita hilo.

Akapita. Mtahini alipomwambia, Beatha hakuruka wala kupiga vigelegele. Aliweka mikono magotini, akauliza kama anaweza kumpigia simu bibi mmoja.

Jioni, anamenya viazi, nikamuuliza, "Mama Godi, ulijuaje? Mimi nilidhani yule jamaa anatuita."

"Yule alikuwa anaita lori," akasema. "Wewe ulikuwa unaita nani?"

"Nilikohoa kwa baridi."

"Mwezi wa nane?"

Akaendelea kumenya, kisha akanisimulia mwenyewe. Flati ya Lorraine ina dirisha linalotazama njia panda yenye taa. Bibi amekaa pale tangu miguu ilipokataa. Wengine wana televisheni, yeye ana taa zake. Beatha aliporudi na habari ya kufeli, Lorraine alimwambia avute kiti. Ikawa kila siku, chai ikishanywewa na nywele zikishachanwa, wanakaa wawili pale dirishani. Bibi anasema, "Bado, kipenzi. Bado. Sasa nyekundu na njano pamoja, mtu anaweka gia. Sasa." Na pale dirishani upo mshale kama ule. Bibi anajua utawaka lini kabla haujawaka. Beatha akasema siku ya testi hakusikia honi wala kikohozi. Alisikia "bado, kipenzi".

Nimekaa na maneno hayo mpaka leo. Mimi nilidhani barabara hukaa kichwani, kumbe hukaa mguuni. Wangu bado uko Ubungo, ndiyo maana ulikanyaga. Wako umeshakuwa wa Ohio, na si kosa, ndiko unakoishi na ndiko unakopatia riziki. Ulimpa mama yako mdogo ulichokuwa nacho, kama mimi. Ila taa ni ya mahali pake, na lazima uketi na mtu wa mahali hapo mpaka uizoee. Wewe huko umekaa na nani, mwanangu? Tafuta mtu wa kukaa naye dirishani. Nasema hivi kwa sababu kila ukipiga simu nasikia nyumba imenyamaza nyuma yako.

Lorraine amehama. Beatha anaenda kwake na gari letu dogo, na bibi anakula. Lakini kule kijijini dirisha linatazama majani tu, na ng'ombe, ambao bibi anasema hawana mpango. Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada Beatha anamchukua na kumleta Hayes. Leo nimekwenda nao, nikakaa nyuma, kiti changu cha siku zote.

Tulipokaribia ile njia panda yao, iliyo chini ya dirisha la zamani la bibi, taa ilikuwa kijani. Beatha akapita, akazunguka mtaa, akarudi. Kijani tena. Akazunguka tena, hata hakunung'unika. Safari iliyofuata tukaikuta nyekundu. Bibi akavua kofia yake ya zambarau, akaiweka mapajani, akamshika Beatha mkono ulio kwenye gia. Tukakaa. Maisha yangu yote sijawahi kuwa ndani ya gari ambalo watu wake wanaomba nyekundu isiondoke.

Nyuma yetu mtu akapiga honi. "Bado, kipenzi," bibi akasema, na sijui alimwambia Beatha, au yule wa nyuma, au mimi.

Mpigie mama yako mdogo. Usianze na kuomba msamaha, muulize tu habari za Lorraine. Ukiongea na mama yako Tukuyu mwambie kahawa aliyotutumia imefika, ghala zima linanukia. Msalimie pia kaka yako Fortunat, asisahau kwamba nilimfundisha kuendesha pikipiki nikiwa nimefumba macho, mimi na si yeye. Godlisten anakusalimu kwa Kiingereza chake. Jaffar naye anasalimu, ingawa hamjuani, kwa kuwa nimemweleza habari zako mpaka akakuzoea.

Mungu akutangulie kila unaposimama na kila unapoondoka, na akupe mtu wa kukaa naye.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye siku zote kama nilivyompenda marehemu kaka yangu,

Ulimboka